Ukuta wa Bafu Kabla ya Vigae

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za chumba cha kuogea, na hasa habari za ukuta ule upigwao na maji kila siku chini ya bomba la mvua. Siku hizi watu wengi, mjini na shamba, hujenga nyumba za matofali na kuweka bafu ndani ya nyumba, nao hupenda kuzivika kuta za bafu vigae, ambavyo wengine huviita marumaru. Ni jambo jema, maana kigae hupendeza macho, huoshwa kwa urahisi, wala hakishiki uchafu upesi. Walakini mara nyingi vigae vilivyonunuliwa kwa fedha za mavuno ya mwaka mzima huanza kutoa sauti ya mtungi mtupu vikigongwa, kisha hubanduka kimoja kimoja, na ukuta wa chumba cha pili huota madoa na ukungu pale pale penye kitanda cha watoto. Mwenye nyumba humlaumu mwuza vigae, au husema kwamba vigae vya siku hizi havina nguvu. Aghalabu kosa si la kigae. Kosa liko nyuma yake, katika ukuta ambao haukutengenezwa.

Basi neno letu la leo ni hili: kigae ni nguo, na ukuta ndio mwili. Nguo njema haimponyi mgonjwa. Mtu akitaka bafu lake lidumu, hana budi kuutengeneza ukuta kwanza, na kuuzuia usinywe maji, ndipo auvike.

Labda mtu atauliza, “Je, kigae si udongo uliochomwa motoni ukawa mgumu kama jiwe? Maji yatapitaje?” Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu. Ni kweli kwamba vigae vigumu vya kaure hunywa maji kidogo sana. Katika kilo 100 za vigae hivyo, maji yawezayo kuingia hayazidi nusu kilo. Vile vyepesi vya ukutani hunywa zaidi ya kilo 10, lakini uso wake umepakwa kioo kinachozuia maji. Kwa hiyo maji hayapiti sana katika kigae chenyewe. Hupita katika mianya iliyo kati ya kigae na kigae.

Tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi na washike kalamu. Tuseme ukuta wetu una urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, na kila kigae ni sentimita 20 kwa 20. Vigae vitakavyotosha ni 50, yaani safu 10 za vigae 5. Mianya ya kusimama itakuwa 4, kila mmoja mita 2, jumla mita 8. Mianya ya kulala itakuwa 9, kila mmoja mita 1, jumla mita 9. Basi ukuta mdogo huo mmoja una mwanya wa mita 17, na mwanya wote umejazwa saruji tu. Saruji, ijapokuwa ngumu, ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kama vile utambi wa taa uvutavyo mafuta kutoka chini hata juu, ndivyo vitundu hivyo vivutavyo maji kutoka usoni hata ndani. Kila mtu aogapo, maji kidogo huingia. Siku moja si neno. Lakini watu 6 wa nyumba wakioga kila siku, mwaka kwa mwaka, ukuta haupati nafasi ya kukauka.

Maji yaliyoingia hufanya nini? Ikiwa ukuta ni wa matofali ya saruji, maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani na kuichukua hata upande wa pili. Huko maji hukauka, na chumvi hubaki, ikaganda chembe chembe chini ya rangi, ikaisukuma mpaka ikatoka magamba. Ikiwa kuna nondo karibu, maji huleta kutu, na kutu huvimba kuliko chuma kilivyokuwa, ikaupasua ukuta. Ikiwa ukuta ni wa matofali mabichi ya udongo, huo ni msiba, kwani udongo hulainika na kurudi kuwa tope, na ukuta huweza kuanguka. Na ikiwa ukuta umepigwa jasi, jasi hulegea kama mkate uliotiwa katika chai, na kigae hudondoka pamoja nayo.

Mafundi wa pwani walikuwa na elimu ya jambo hili tangu zamani. Katika jumba la Husuni Kubwa, huko Kilwa Kisiwani, lililojengwa katika karne ya 14, kuna birika kubwa la kuogea lenye pembe 8. Unguja kuna bafu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 katika zama za Seyyid Said, na bafu za Hamamni zilizojengwa mjini kwa amri ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Waashi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayo hayo, wakaupiga ukuta lipu ya chokaa. Chokaa ina tabia yake: hunywa maji, kisha huyatoa tena hewani, na ukuta ukakauka. Kigae hakifanyi hivyo. Kigae huufunika uso wa ukuta, na maji yaliyokwisha penya kwenye mwanya hayana njia nyepesi ya kurudi. Ndiyo sababu ukuta wa vigae hutaka matengenezo mengine, na mtu akitegemea kigae peke yake atakuwa amewafungia maji mlango baada ya kuwaingiza ndani.

Sasa na tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza kabisa tuukague ukuta. Tuugonge kwa mpini wa nyundo kila mahali. Penye sauti kavu na nzito, lipu imeshika. Penye sauti ya mtungi, lipu imeachana na tofali, nayo sharti ibomolewe. Kisha tuukwangue kwa msumari. Ukitoka unga mwingi kama mchanga mkavu, lipu ile ilikosa saruji au ilikosa maji, wala haiwezi kubeba uzito wa vigae. Tena tunyunyize matone ya maji. Yakiteleza na kuanguka, ukuta una mafuta, au rangi, au umelainishwa mno. Yakinyonywa mara moja, ukuta una kiu kubwa, nao utainyang’anya gundi maji yake kabla haijashika. Yakiingia polepole, ukuta ni mzuri.

Rangi yote ikwanguliwe mpaka ionekane saruji. Hali kadhalika ule unga mweupe wa kulainishia ukuta, ambao mafundi huupaka kabla ya rangi, uondolewe wote. Unga huo hupendeza sebuleni, lakini chini ya vigae vya bafu ni adui, kwa kuwa maji huulainisha na vigae hushuka navyo. Na ukuta wa matofali mabichi tusiupige vigae kabisa. Ni afadhali kujenga upya upande ule wa bomba la mvua kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, kuliko kuuvika ukuta ambao maji kidogo yataurudisha kuwa tope.

Pili, tutazame mabomba. Bomba la maji lililofichwa ukutani likivuja, hakuna kigae wala dawa itakayosaidia, maana maji hutoka ndani. Kwa hiyo mabomba yawekwe na kufungwa imara kabla ya lipu, ncha zake zizibwe, kisha maji yafunguliwe kwa nguvu yake yote na kuachwa usiku kucha. Fundi mwenye pampu ya mkono na saa ya kupimia nguvu ya maji ataitumia, na mshale wa saa ukishuka atajua pana mvujo. Asubuhi tupitishe mkono mkavu kwenye kila kiungo. Kiungo kikilowesha mkono, kifunguliwe na kufungwa upya. Mfereji uliochongwa ukutani usizibwe mpaka mwenye nyumba ameyaona mambo haya kwa macho yake. Na kama kuna waya wa umeme katika ukuta huo, umeme uzimwe kabla ya tindo kugusa tofali.

Tatu ni lipu. Ukuta mtupu wa matofali usafishwe vumbi kwa brashi, uloweshwe maji, kisha urushiwe uji mzito wa saruji karai 1 na mchanga mnene karai 2. Uji huo hurushwa kwa mwiko, nao huachwa jinsi ulivyo, wenye mikwaruzo na vinundu, ili lipu ipate mahali pa kushika. Fundi avae mifuko ya mikono na miwani, maana saruji mbichi huunguza ngozi na macho. Uji ukae siku nzima au zaidi, nao unyunyiziwe maji usikauke upesi.

Lipu yenyewe iwe saruji karai 1 kwa mchanga karai 4. Mchanga ni jambo la kuangaliwa sana. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi tumekwisha ona kazi yake. Kwa hiyo tutumie mchanga wa mto au wa shimo, uliochekechwa. Kujua kama una udongo mwingi ni kazi rahisi: tutie mchanga katika chupa nyeupe hata nusu, tujaze maji, tutikise kwa nguvu, tuiache chupa itulie kwa saa kadha. Mchanga utashuka chini, na udongo utatanda juu yake. Utando wa udongo ukiwa mnene, mchanga ule uoshwe au uachwe.

Lipu ipigwe kwa unene wa sentimita 1 na nusu hivi. Fundi atundike timazi, asimamishe ukuta wima, na aulaze ubao wa kunyooshea wa mita 2 juu ya lipu, huku na huku. Mwanga ukionekana chini ya ubao kwa upana wa zaidi ya milimita 3, pale pana bonde, na bonde lijazwe sasa, wala tusingojee kulijaza kwa gundi wakati wa vigae. Gundi nene mahali pamoja na nyembamba mahali pengine hukauka kwa kutolingana, na vigae havitakaa sawa. Lipu ikiisha nyoshwa, uso wake usipigwe niru, yaani usipakwe uji wa saruji tupu na kung’arishwa. Niru ni nzuri sakafuni, lakini vigae havishiki juu ya uso laini. Uachwe na ukali kidogo, kama ulimi wa ng’ombe.

Hapo ndipo penye jaribu kubwa la subira. Saruji haikomai kwa kukauka tu. Hukomaa kwa kushikana na maji. Lipu inyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na jua kali lisiipige. Baada ya hapo iachwe ikauke kwa muda usiopungua wiki 2, na wiki 4 ni bora zaidi. Lipu ikikauka hunywea kidogo, nayo hupata nyufa ndogo. Ikinywea kabla ya vigae, nyufa hizo huonekana na kuzibwa. Ikinywea baada ya vigae, huvisukuma vigae vikaachia. Twajua kwamba fundi hutaka kumaliza apate ujira wake, na mwenye nyumba hutaka kuhamia kabla ya sikukuu. Lakini haraka ya wiki 3 huweza kuharibu kazi ya miaka 30.

Nne, tutengeneze mahali ukuta unapokutana na sakafu. Sakafu ya bafu iwe na mwinamo kuelekea tundu la maji, sentimita 1 na nusu hata 2 kwa kila mita 1, ili maji yasisimame mguuni mwa ukuta. Pembe ya ukuta na sakafu ndiyo mahali dhaifu kuliko pote, kwa sababu ukuta na sakafu haviendi pamoja; nyumba ikitikisika au kushuka kidogo, ufa huanzia hapo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bafu maneno hayo ni kweli kama yalivyo.

Tano, na hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, ni dawa ya kuzuia maji. Dawa hii huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nyingine ni unga wa saruji unaochanganywa na maji yake maalumu, nyingine ni uji mzito unaofanana na mpira. Tuchague ile iliyoandikwa kwamba yafaa chini ya vigae, wala tusiweke lami au rangi ya mafuta badala yake, kwa kuwa gundi ya vigae haishiki juu ya vitu hivyo. Ukuta ufutwe vumbi, kisha pembe zote, na mahali bomba linapotokeza, na ukingo wa tundu la maji, zipakwe dawa na kulazwa utepe wa kitambaa chake ukiwa bado mbichi. Kitambaa huupa utando nguvu ya kunyumbuka pasipo kukatika.

Ndipo tupake ukuta mzima kwa brashi, mkono mmoja kwa kulala. Ukikauka, tupake mkono wa pili kwa kusimama, ili kila kitundu kilichoachwa na brashi ya kwanza kizibwe na ya pili. Muda wa kungoja kati ya mikono miwili umeandikwa juu ya kopo au mfuko, nao ufuatwe. Chini ya bomba la mvua dawa ipande hata juu ya kichwa cha bomba. Sakafu yote ya bafu ipakwe pia, na dawa ya sakafu iungane na ya ukuta bila kuachana, kama karai moja lisilo na mshono.

Sita, tujaribu kazi yetu. Dawa ikiisha kauka, tuzibe tundu la maji, tumwage maji sakafuni mpaka yafike kina cha sentimita chache, tutie alama ya kalamu pale yalipofika, tuyaache saa 24. Kesho yake tutazame alama, tutazame na upande wa pili wa ukuta na chini ya sakafu. Maji kidogo huweza kupungua kwa hewa, lakini yakishuka sana, au doa likionekana upande wa pili, pana tundu. Tundu hilo likitafutwa leo litazibwa kwa brashi na dawa kidogo. Likitafutwa baada ya vigae, litatafutwa kwa nyundo.

Baada ya hayo yote vigae vyaweza kupandishwa. Kazi hiyo ina somo lake, nasi tutasema mambo mawili tu yanayouhusu ukuta wetu. La kwanza, gundi itandazwe nyuma ya kigae chote. Wako mafundi waliozoea kuweka matonge 5, moja katikati na 4 pembeni, kisha kukibandika kigae. Kigae hicho kina mapango nyuma yake. Maji hukusanyika mle, na kigae hupasuka kikigongwa. La pili, mwanya wa pembeni, ukuta unapokutana na ukuta mwingine au na sakafu, usijazwe saruji ngumu. Ujazwe gundi ya mpira, ile ya silikoni, iwezayo kuvutika, kwa sababu saruji katika pembe hupasuka upesi.

Wasikilizaji wetu, kazi tuliyoieleza ina aibu moja: ikiisha, haionekani. Mgeni atasifu rangi ya vigae, wala hatauliza habari za mchanga au dawa. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba asiyejua kazi huweza kudanganywa kwa urahisi, na fundi mwaminifu huweza kuonekana mwenye kuchelewa. Basi twawashauri wenye nyumba wafike kazini mara 4. Waje mara ya kwanza mabomba yakijaribiwa, kabla mfereji haujazibwa. Waje mara ya pili lipu ikipimwa kwa timazi na ubao. Waje mara ya tatu mkono wa kwanza wa dawa ukiisha kauka, wauone kabla ya wa pili. Na mara ya nne waje kuitazama alama ya maji baada ya saa 24. Fundi ajuaye kazi yake hatachukia kutazamwa. Atafurahi, maana nusu ya kazi yake huzikwa ukutani, naye hupata shahidi.

Na kama fedha hazitoshi kwa yote, tupunguze vigae kabla ya kupunguza matengenezo. Ukuta uliopigwa lipu njema na dawa, wenye vigae upande wa bomba la mvua peke yake, utadumu kuliko bafu zima lililong’arishwa kwa vigae vya thamani juu ya lipu mbovu. Vigae vingine vyaweza kungoja mavuno yajayo. Ukuta ulioloa hauwezi kungoja.